Subira ya Bibi Yetu wa Makadara



Ndugu msomaji, na hasa wewe mama na dada unayesoma ukurasa huu baada ya kumaliza kazi za nyumba, au ukiwa bado hujazimaliza, wiki hii naomba ruhusa niandike habari za nyumbani kwetu. Nimekawia kuziandika kwa kuwa mwenyewe, bibi yangu mzaa mama, alikuwa hajaniruhusu. Juma lililopita amenikubalia kwa masharti mawili: nisimtaje jina, na nisimsifu kwa jambo ambalo yeye analiona kuwa lilikuwa kosa lake. Sharti la kwanza ni jepesi. La pili ndilo lililonishikisha kalamu.

Bibi anaishi Makadara. Si ile ya Mombasa ambayo wengi wenu mnaijua, bali Makadara ya Nairobi, katika mitaa ya Eastlands, kando ya barabara ya Jogoo, mahali ambapo honi ya gari moshi husikika ndani ya nyumba. Alifika huko mwaka 1969 akiwa bibi harusi kutoka Siu, katika kisiwa cha Pate, akimfuata mume aliyeajiriwa na Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Marehemu babu alimwahidi kwamba wangekaa miaka miwili kisha warudi pwani. Miaka miwili ikazaa watoto sita, na watoto wakazaa wajukuu, na Makadara ikawa ndiyo kwao. Sisi twamwita Bibi. Watoto wa majirani humwita Shosho, kwa Kikikuyu. Yeye huitika yote mawili.

Kwa zaidi ya miaka thelathini aliamka kabla ya alfajiri akakanda mahamri, akayachoma, akayauza mlangoni pake pamoja na mbaazi za nazi. Jioni aliwasomesha watoto Juzuu Amma sebuleni, juu ya mkeka aliokuja nao kutoka Siu. Babu alipofariki, ada za shule za watoto wake wawili wa mwisho zilitoka katika karai lile la mafuta. Hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kumsikia akisema, "Nimechoka." Nasi tulijivunia jambo hilo. Katika kila harusi na kila hitima, mmoja wetu alisimama kusema kwamba Bibi ni mwamba, kwamba Bibi halalamiki.

Hilo ndilo kosa, ndugu msomaji. Lilikuwa lake, na lilikuwa letu zaidi.

Bibi alikuwa na kisukari kwa miaka mingi, na presha pia. Vidonge alimeza siku alipovikumbuka, au siku alipokuwa na pesa ya kuvinunua bila ya kumwomba mtu. Miguu ikaanza kuvimba. Akaacha viatu vya kufunga, akavaa kandambili, akateremsha leso chini zaidi ili tusione. Magoti yalipomuuma, alituma mtoto dukani akamletea vidonge vya maumivu, akavimeza asubuhi na jioni kwa miezi, bila ya kujua kwamba dawa za namna hiyo humdhuru mtu ambaye figo zake tayari ni dhaifu. Akawa anajikuna usiku. Chakula kikapoteza ladha, akasema kinywani mwake mna ladha ya chuma. Mwezi wa Ramadhani mwaka 2023 alitapika baada ya daku siku tatu mfululizo, na kila mara alijisukutua, akatia nia, akafunga. Mama yangu alipomuuliza, alijibu, "Ni tumbo tu, mwanangu. Nishughulikie kwa lipi, nawe una yako?"

Siku ya kumi na tisa ya mfungo alianguka msalani akitia udhu wa swala ya Adhuhuri. Jirani mmoja, mama wa Kikristo ambaye kwa miaka ishirini amepokea sahani ya futari kutoka kwetu, ndiye aliyesikia kishindo na kuuvunja mlango. Hospitalini, daktari alitazama majibu ya damu kwa muda mrefu. Kisha akatuuliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyeweza kulijibu: "Mama huyu ameanza kuumwa lini?"

Hebu niyaeleze kwa ufupi yale tuliyofahamishwa siku ile, maana huenda yakamfaa mtu. Kila figo ni kubwa kama ngumi ya mwenye nayo. Kwa usiku na mchana mmoja, figo mbili huchuja takriban lita 180 za maji kutoka katika damu, zikarudisha mwilini karibu yote, na kutoa taka kwa mkojo wa lita moja au mbili tu. Mwenyezi Mungu ameziumba na akiba kubwa, hata mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu za figo zake asihisi maumivu yoyote. Kisukari na shinikizo la damu ndivyo visababishi vikubwa vya ugonjwa huu, navyo huziharibu polepole, kwa miaka. Dalili zinapojitokeza wazi, mara nyingi mengi yameshaharibika.

Basi tazama hali ilivyokuwa nyumbani kwetu. Ugonjwa wenyewe ni wa kimya, ukamwingia mwanamke aliyelelewa kunyamaza, katika ukoo unaomsifu kwa kunyamaza kwake. Nani angejua?

Daktari alisema kwamba figo hazingerudi, na kwamba damu yake ingepasa kusafishwa kwa mashine mara mbili kila wiki, saa nne kila mara, kwa maisha yake yote. Bibi alisikiliza hadi mwisho. Akamshukuru. Kisha akatugeukia akasema kwamba yeye ameishi miaka ya kutosha, kwamba hatakubali kuwafilisi wanawe, na kwamba Nabii Yaaqub, alayhis salaam, alikuwa na huzuni zaidi yake na hakumshitakia ila Mola wake. Akajifunika shuka. Wajomba wakainamisha vichwa. Nakiri kwamba hata wakati ule, palikuwa na mmoja wetu aliyenong'ona, "Mwaona imani ya Bibi?"

Mama yangu hakunong'ona. Alivuta kiti, akamwuliza swali moja: "Mama, Mwana Kupona aliuficha ugonjwa wake?"

Pengine msomaji atashangaa swali hilo limetoka wapi. Mwana Kupona binti Msham alizaliwa Pate na akaolewa na Bwana Mataka, aliyekuwa mtawala wa Siu, mji ule ule wa Bibi. Mumewe alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mwaka 1275 wa Hijra sawa na 1858 wa Miladia, mjane huyo alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa wasia ambao hadi leo wanawake wa pwani wanausoma. Bibi alihifadhishwa utenzi huo na nyanya yake akiwa msichana, na hadi leo anaughani wote bila ya kutazama karatasi.

Wengi wetu tunaukumbuka utenzi huo kwa jambo moja tu, nalo ni wasia wa mke kumtii mumewe. Na wako wanaoupenda kwa hilo, na wako wanaoulaumu kwa hilo. Lakini tunasahau unavyoanza. Unaanza na ugonjwa. Kabla ya wasia wowote, Mwana Kupona anamwita binti yake akae karibu, anamwambia waziwazi kwamba ameshikwa na maradhi na kwamba mwaka mzima umetimia, kisha anaagiza wino na karatasi. Ndani ya utenzi huo huo anamwomba Mola wake amponye. Mjane mkubwa wa Siu, aliyekuwa mke wa mtawala aliyepigana na Sultani wa Zanzibar, hakuona aibu kumwambia mtoto wake: naumwa, njoo karibu. Hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Lakini kwa kuwa alisema, binti alipata wasia, nasi vizazi vya baadaye tukapata utenzi. Angeteremsha leso akanyamaza, tusingekuwa na chochote.

Bibi alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, akiwa bado amejifunika, "Leteni daftari."

Tangu siku ile Bibi ana daftari, na mimi ndiye mwandishi wake. Ukurasa wa kwanza una madeni: nani anamdai, naye anamdai nani. Ukurasa wa pili una majina ya dawa na saa zake. Ukurasa wa tatu ulinitoa machozi, maana alinitajia kwa mpangilio kila alichotuficha: lini miguu ilianza kuvimba, lini aliona mkojo una povu, lini alianguka mara ya kwanza, jambo ambalo hatukulijua. Nilimpelekea daktari ukurasa huo. Alisema laiti angeupata miaka mitano kabla.

Siku zake za mashine ni Jumatatu na Alhamisi. Wenye kujua watatambua kwamba hizo ndizo siku za kufunga sunna, nazo Bibi alizifunga tangu ujana wake. Mwanzo jambo hilo lilimuumiza sana. Sasa husema kwamba Mwenyezi Mungu hakumnyang'anya siku zake. Amembadilishia ibada tu. Huondoka baada ya Alfajiri pamoja na mjomba, au pamoja na yule mama jirani ikiwa mjomba yuko kazini, wakapanda matatu katika barabara ya Jogoo kabla ya msongamano. Hupimwa uzito, hulazwa, hudungwa sindano mbili nene katika mkono wa kushoto, ambamo madaktari waliunganisha mshipa na mshipa ili damu ipite kwa nguvu. Ukiweka kidole juu ya mkono huo unahisi damu ikitetemeka na kuvuma. Wajukuu wadogo humwomba wauguse. Yeye huwaambia kwamba hiyo ni treni ya babu yao, bado inapita.

Nguvu yake sasa naiona katika mambo madogo. Mwanamke aliyependa chai kuliko chakula amepimiwa maji ya siku nzima, naye huyanywa kwa kikombe cha kahawa ili yasiishe upesi. Madafu, ndizi, machungwa na tende vina madini ya potasiamu kwa wingi, ambayo figo zilizochoka haziwezi kuyatoa na ambayo yakizidi huweza kuusimamisha moyo. Basi mtu wa pwani ameachishwa madafu na tende. Viazi hukatwa vidogo, vikachemshwa, maji yakamwagwa, kisha ndipo vikapikwa. Mama alipolalamika kwamba viazi vya namna hiyo havina ladha, Bibi alijibu kwamba ladha anaikumbuka, yamtosha.

Ramadhani ya kwanza ya ugonjwa ilikuwa ngumu kuliko sindano. Daktari alimkataza kufunga, na sheikh wa msikiti akaja nyumbani kumweleza kwamba Qur'ani yenyewe, katika Suratul Baqara, imemwondolea mgonjwa uzito huo, na kwamba asiyetarajia kupona hutoa fidya, kumlisha maskini kwa kila siku aliyokula. Bibi alilia. Kisha akauliza, "Je, yafaa niwapikie mwenyewe?" Akaambiwa yafaa. Basi kwa siku zote za mwezi ule alikaa juu ya kigoda jikoni, akituongoza kwa ulimi, na kila Magharibi sahani moja ilitoka kwenda kwa mhitaji. Kulipoadhiniwa sisi tulifungua kwa tende. Yeye alichukua funda moja la maji, akasema bismillahi pamoja nasi.

Gharama sitaificha, kwa kuwa kuficha ndiko kulikotuponza. Bila ya bima tusingeweza. NHIF ilibeba sehemu kubwa, na mwezi wa Oktoba 2024 SHA ilipochukua nafasi yake tulijisajili upya. Lakini bima haibebi nauli, wala dawa zote, wala siku za kazi anazozikosa mjomba. Hapo chama cha akina mama wa msikitini kilitushika mkono, na majirani wasio Waislamu walichanga pia. Bibi, aliyekuwa hapokei hata kilo ya sukari bila ya kuirudisha kwa njia nyingine, ilimbidi ajifunze kusema ahsante na kunyamaza hapo. Aliwahi kuniambia kwamba kutoa alifundishwa na mama yake, lakini kupokea amefundishwa na figo.

Nirudi sasa katika lile sharti la pili. Sisi wanawake wa Kiislamu tunahimizana subira, na ni haki. Lakini je, subira ni kunyamaza? Nabii Ayyub, alayhis salaam, alimwita Mola wake akamwambia kwamba dhara imemgusa, na Mola wake bado akamsifu kuwa ni mwenye subira. Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, alimwambia Ibn Mas'ud kwamba homa humshika kwa ukali wa homa ya watu wawili. Mama Aisha, radhiya Llahu anha, alipolia kwa kuumwa na kichwa, Mtume alimjibu kwamba yeye pia kichwa chamuuma. Imamu Bukhari ameweka mlango mzima kuhusu ruhusa ya mgonjwa kusema kwamba anaumwa. Wanavyuoni wakapambanua: kulalamikia kadari ya Mwenyezi Mungu ni jambo moja, na kutoa habari ya maumivu kwa tabibu au kwa jamaa ni jambo jingine. La kwanza ni kukosa subira. La pili ni sehemu ya kutafuta dawa, na Mtume ametuamrisha tujitibu.

Kwa hiyo, mama uliye na mzazi mtu mzima nyumbani, usimuulize, "Hujambo, mama?" ukaridhika na "Sijambo." Hilo ni salamu, si jawabu. Muulize swali lenye umbo: Miguu imevimba? Mkojo una povu? Wamka mara ngapi usiku? Dawa ya presha imebaki vidonge vingapi, nitazame? Mpeleke apimwe sukari, shinikizo, damu na mkojo, hasa ikiwa ana kisukari. Vidonge vya maumivu asivimeze mfululizo bila ya daktari kujua. Na wanaume mnaosoma ukurasa huu juu ya bega la mke, kumsindikiza mama hospitalini si kazi ya binti pekee.

Na wewe bibi unayesomewa haya na mjukuu, nakuomba kwa heshima: usituhurumie kwa kutuficha. Unapotuficha hutupunguzii mzigo. Unautunza tu hadi siku ya kuanguka, ukatuangukia wote kwa pamoja.

Bibi yu hai, alhamdulillahi, na siku zake bado ni Jumatatu na Alhamisi. Hali haiwi nzuri kila mara. Alhamisi iliyopita alirudi amekwisha nguvu, akakaa katika kiti chake karibu na dirisha. Zamani angeinuka moja kwa moja akenda jikoni. Safari hii alituita kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza chumvi: "Leo naumwa. Mmoja anikande miguu, mmoja akaangalie wali." Watu watatu waliinuka kwa pamoja. Alitazama jinsi tulivyogongana mlangoni, akacheka.

Hilo ndilo ninaloruhusiwa kulisifu, nami nalisifu.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu na wagonjwa wa Waislamu wote, wape subira wanaowauguza, na uwape ulimi wa kusema wale wanaoumwa kimya. Amin.

Wabillahi tawfiq.